Siku Homa Iliposhuka

Kuze, Mombasa
18 Septemba 2024

Ndugu yangu Zakariya,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta u mzima huko kwenye baridi. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mavyaa wangu Bi Mejumaa, mama yake Saif, magoti bado yamsumbua, lakini juzi alitoka kwake Bondeni kwa miguu akaja kushinda nami. Saif yuko safarini, amepeleka kontena Kampala na lori lao lile kubwa, simtarajii kabla ya wiki ijayo. Maulidi yamepita salama. Kuze ilijaa wageni, majirani wakapika pilau masufuria kwa masufuria. Mimi nilipeleka sinia moja la kaimati, nikarudi ndani.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Simu yangu iliingia maji ikafa, na sijapata nafasi ya kununua nyingine. Ukitaka kunipata, andika kwa sanduku la posta la dukani. Posta yetu bado yafanya kazi, kwa mwendo wake.

Kazini niko vile vile. Biashara Street haijabadilika. Nafungua bunda la leso, namsomea mteja jina, ule usemi ulioandikwa pindoni, nalikunja tena. Siku hupita. Watu wasema nimekonda, lakini nakula. Saa ya kula ikifika nala.

Lililonishikisha kalamu ni Everlyne, yule mwenzangu wa dukani, mwenyeji wa Kisumu. Binti yake Mirriam yuko kidato cha nne, ana kichwa cha hesabu na baiolojia. Akaniuliza, "Ndugu yako anasoma nini hasa?" Nikamwambia hisabati ya baiolojia. "Akimaliza atakuwa nani? Daktari? Mwalimu?" Nikaendelea kukunja leso. Miaka sita wasoma, nami dada yako sijui utakuwa nani. Nieleze kwa maneno ya watu, nimweleze naye.

Bado watu waja kunipa pole ya Nuswaiba. Huwajibu kama nilivyowajibu siku ya mazishi: homa ilimshika mwanangu Jumanne, Jumatano nikampeleka hospitali, Alhamisi Mungu akamchukua. Siku mbili tu. Wote husema hapo hapakuwa na la kufanya. Nawe ukiulizwa na mtu wa huku, jibu hivyo hivyo.

Dada yako,
Ruweida


Cape Town
27 Oktoba 2024

Dada Ruweida,

Waalaykum salaam. Barua yako imenifikia baada ya wiki nne na siku kadhaa, bahasha imelowa pembeni lakini maandishi yote yasomeka. Nimefurahi kusikia Bi Mejumaa ameweza kutembea. Nisalimie shemeji Saif akirudi. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea. Nakaa chumba kimoja na kijana wa Malawi, mtu wa kanisa, mpole, tunapika zamu kwa zamu. Mchele wa huku hauna harufu.

Umeniuliza swali ambalo hata baba, Mungu amrehemu, alikufa hajajibiwa vizuri. Tunachofanya ni kuchukua kitu chenye uhai, kikuavyo, kizaavyo, kienezavyo ugonjwa, tukakiandika kwa milinganyo ili tuone kesho yake itakuwaje. Mwaka wa kwanza walitufundisha visanduku vitatu. Cha kwanza, watu ambao hawajaugua. Cha pili, wanaougua. Cha tatu, waliopona. Mbu ndiye anayewatoa watu cha kwanza kuwatia cha pili. Siku zikipita hutoka cha pili wakaingia cha tatu. Kazi yetu ni kutafuta kasi ya kuhama. Ukiijua kasi, unaweza kuwaambia wenye hospitali, "Wiki ya tatu baada ya mvua mtahitaji vitanda kadhaa."

Mwambie Everlyne kazi zipo, ila hazina jina moja kama udaktari. Niliosoma nao wakatangulia kumaliza wametawanyika. Oloo yuko upande wa Ziwa Viktoria, akadiria samaki waliobaki ili serikali ijue ni miezi gani nyavu zipumzike. Ngowa, yule wa Kilifi uliyewahi kumwona, ameajiriwa na kampuni ya dawa. Yeye hutafuta kipimo cha dawa kwa watoto, kwani figo za mtoto hazisafishi dawa kama zetu. Jeremy yuko kwenye bima. Wengine wako wizarani kwenye chanjo, wengine kwenye nzige na magonjwa ya mahindi. Wengine wamebaki vyuoni kufundisha. Mirriam si lazima aanze na jina hili hili. Achukue shahada ya hisabati au takwimu, asiiache baiolojia, na ajifunze mapema kuandika programu za kompyuta. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa mimi.

Nimebakisha tasnifu tu. Msimamizi wangu, Daktari Rosebella Awiti, ni Mkenya, mkali lakini ana haki. Bado sijui nitakwenda wapi.

Lile la kuwajibu watu nimelielewa.

Ndugu yako,
Zakariya


Kuze
3 Desemba 2024

Zakariya,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Bi Mejumaa. Hapa ni joto na mvua za vuli hazikutosha. Barua yako ilifika jana. Nilimsomea Everlyne ile sehemu ya kazi, akaomba niirudie, akaandika kwenye karatasi ya risiti. Mirriam amemaliza mitihani, wangoja majibu.

Saif alikuwa hapa siku nne. Alitengeneza mfereji wa jikoni uliokuwa ukivuja, akaenda msikitini, akalala. Hatuzungumzi sana. Si ugomvi. Hapana wa kuanza tu.

Chumba cha Nuswaiba nimekiacha mlango wazi, kwa sababu ukifungwa joto lazidi nyumba nzima.

Umeniandikia kurasa nne na jina lake halimo. Sikulaumu. Hata mimi hulitaja mbele za watu tu.

Vile visanduku vyako nimevifikiria nikiwa nakunja leso. Wasema atokaye cha pili huingia cha tatu. Wote?

Nimeuliza tu.

Ruweida


Cape Town
19 Januari 2025

Dada Ruweida,

Natumai mwaka umewaingia kwa heri. Huku ni kiangazi, watu wote wako ufukweni. Mwenzangu wa Malawi alikwenda kwao Krismasi na hajarudi, kwa hiyo niko peke yangu na napika kidogo.

Si wote. Vile visanduku vya mwaka wa kwanza havina mahali pa wengine. Hufundishwa hivyo ili hesabu iwe nyepesi. Baadaye huongezwa cha nne.

Kuna jambo limetokea na sijui nilieleze vipi bila kuvunja ahadi niliyotia saini. Mwezi wa kumi na mbili Daktari Awiti aliniita ofisini. Akasema, "Zakariya, nimepata data ya homa ya dengue kutoka Pwani, mwaka huu wote. Wewe ni mtu wa huko, unaijua mitaa. Hii ndiyo tasnifu yako." Ni orodha ndefu. Majina yameondolewa. Kuna umri, jinsia, mtaa, siku homa ilipoanza, siku ya kufika hospitali, na yaliyotokea. Tuliapa kwamba hatutamtafuta mtu ndani yake. Mimi sikumtafuta.

Siku ya pili ya kuisoma niliufuta mstari mmoja. Nilijiambia una kasoro. Kesho yake niliurudisha. Tangu hapo sijaenda ofisini, leo siku ya kumi na moja. Daktari ameniandikia mara mbili, nimemjibu kuwa siwezi, nina mafua.

Jeremy amenipigia. Kampuni yake ya bima yatafuta mtu, na hawajali kama tasnifu imekwisha au la. Oloo naye asema ziwani kuna nafasi. Samaki hawana dada wala mama. Nafikiri niende huko, au kwa Jeremy, kokote kutakakotangulia kunijibu.

Nina swali moja, ukipenda ulijibu. Pale hospitali, daktari alipokuuliza homa ya Nuswaiba ilianza lini, ulimjibuje?

Zakariya


Kuze
24 Februari 2025

Zakariya,

Hatujambo. Ramadhani iko mlangoni, dukani watu wamejaa. Mirriam amepata alama nzuri. Bi Mejumaa yuko kwangu, amekuja kufunga nami, asema nyumba hii yahitaji mtu wa kupika daku.

Swali lako silijibu. Wewe wajua jibu lake, na wajua kuwa wajua.

Na kwa kuwa umetaka mambo ya kweli, simu haikuingia maji. Iko kabatini, chini ya shuka, nimeizima. Siwezi kuisikia ikilia, wala siwezi kuiweka sikioni. Nawe hujauliza kwa nini mtu wa mjini akae miezi tisa bila simu. Nilidhani hukuuliza kwa kuwa waelewa.

Urudi ofisini. Mafua hayakai siku kumi na moja.

Ruweida


Cape Town
29 Machi 2025

Dada yangu,

Idd njema mapema. Nimefunga vizuri, nafuturu msikitini na Wasomali, wananipa sambusa nyingi kuliko tumbo langu. Nisalimie Bi Mejumaa. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Mstari wenyewe wasema hivi: msichana, miaka tisa, Kuze. Homa ilianza tarehe 9 Mei. Alifika hospitali tarehe 15. Alifariki tarehe 16. Siku sita. Ulimwambia daktari ukweli, naye akauandika, ukaja mpaka mezani kwangu, huku Kuze nzima na mimi tukisema siku mbili.

Nakumbuka kila neno la simu ile. Ilikuwa Jumamosi, siku ya tatu ya homa. Saif yuko Malaba kwenye foleni ya malori, Bi Mejumaa yuko Kwale arusini. Ukaniambia, "Zaka, mtoto yuwaka moto, macho yamuuma, viungo vyamuuma. Nimpeleke?"

Nami nilikuwa nimetoka kuwasomea wanafunzi wenzangu mada kuhusu dengue. Walikuwa wamenipigia makofi. Nikakwambia, "Hiyo ni dengue, dada, ninaijua. Katika watu mia, karibu wote hupona wenyewe. Mpe maji na panadol, usimpe dawa nyingine ya maumivu. Ukienda hospitali utamchosha kwa foleni bure."

"Una hakika?"

"Ndiyo kazi yangu hii."

Jumatatu ukanipigia tena, sauti yako imechangamka. "Homa imeshuka!" Nikacheka. Nikakwambia, "Umeona? Imekwisha hiyo."

Dada, katika dengue, hatari huanza homa ikishuka. Mwili wapoa, na mishipa ndipo inapoanza kuvuja ndani. Mtu aambiwe, "Sasa ndipo umwangalie." Lilikuwa ndani ya kitabu nilichokuwa nacho mezani. Nilikuwa nimelisoma kwa ajili ya mtihani na nikapata jibu sahihi kwenye mtihani. Kwenye simu halikunijia. Nilikuwa naona ule mchoro tu, mstari wa wagonjwa ukishuka na wa waliopona ukipanda.

Niliposikia umesema siku mbili kwenye mazishi, nilijua wanisitiri. Nikakuacha unisitiri. Kila aliyeniuliza nilimjibu siku mbili. Sikulia wakati ule, na sasa pia silii. Naamka, napiga mswaki, nakaa kitandani mpaka saa nne. Hivyo tu.

Sitaki unisitiri tena. Ukitaka kumwambia Saif, mwambie ni mimi.

Zakariya


Kuze
28 Aprili 2025

Ndugu yangu Zakariya,

Assalaam alaykum. Idd ilikuja ikapita. Nilivaa dera jipya kwa sababu Bi Mejumaa alilishona. Barua yako niliisomea posta, nimesimama, kisha nikaenda kazini.

Hukosei kwa uliyoyaandika. Lakini hukuyaandika yote, kwa kuwa hukuyajua. Niachie nami niseme yangu.

Nilikuwa na macho. Mimi ndiye niliyekuwa naye chumbani, wewe ulikuwa ng'ambo. Neno lako nililishika kwa sababu nililitaka. Saif akipiga simu kutoka Malaba namwambia, "Hajambo, amelala," ili asiache lori njiani. Jumanne, baada ya ile Jumatatu nzuri, tumbo likaanza kumuuma. Akatapika. Fizi zikatoa damu kidogo alipopiga mswaki. Zaka, sikukupigia. Nilijua utaniambia nenda. Nilikuwa sijalala siku tano, mvua yanyesha, nikajiambia kesho asubuhi. Nikampa maji ya sukari, nikalala kando yake. Nililala usingizi mzito.

Kwa hivyo siku mbili sikuzitunga kwa ajili yako tu. Nilipozisema mara ya kwanza nilikuwa najisitiri mimi. Wewe uliingia chini ya mwavuli huo huo, nami sikukufukuza.

Saif nilikuwa nimeshamwambia kabla barua yako haijafika, siku ya tatu ya Idd, baada ya chakula cha mchana. Bi Mejumaa alikuwapo. Nilimwambia yote, lako na langu.

Akasema, "Siku sita?"

Nikasema, "Sita."

"Na mimi wanipokea simu kila siku."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alinawa mikono, akachukua mkoba wake wa safari, akatoka. Nilidhani Bi Mejumaa atanitupia maneno. Aliinuka akaanza kuondoa vyombo. Nikamwambia, "Mama, acha, nitatoa mimi." Akasema, "Keti." Hilo tu.

Leo ni wiki ya nne. Saif hupeleka salamu kwa mama yake kupitia madereva wenzake. Kwangu hapeleki.

Simu nimeiwasha. Iko juu ya friji. Usinipigie bado.

Ruweida


Cape Town
25 Mei 2025

Dada Ruweida,

Waalaykum salaam. Nimeisoma barua yako, nimeisoma tena. La Jumanne sikulijua. Nimefahamu tu. Nakushukuru kwa kuniambia.

Nilikwenda kwa Daktari Awiti nikamwambia. Nilitegemea anifukuze, kwani nilivunja ahadi: niliutambua mstari na nikaufuta, hata kama niliurudisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia Januari?"

Nikasema, "Niliona aibu."

Alizunguka meza akafunga mlango. Akasema orodha ile sitaigusa tena, itashughulikiwa na mtu mwingine, na kwamba lazima aandike barua kwa kamati ya maadili. Ameiandika. Nimepewa onyo na tasnifu imesogezwa miezi mitatu. Ni haki.

Huyo mwenzangu aliyeichukua orodha amekuta jambo lililo wazi hata bila milinganyo: wengi wa waliofariki waliletwa baada ya homa kushuka. Nyumbani walidhani wamepona. Daktari akaniambia, "Hilo laweza kuandikwa kwenye kadi na kuwekwa kila duka la dawa. Andika wewe, kwa Kiswahili cha watu wako." Nimeandika hivi:

"Ikiwa homa ya mgonjwa imeshuka lakini ana maumivu ya tumbo, anatapika au anatokwa na damu kwenye fizi, afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo."

Naomba uisome na uniambie kama yafaa. Sina mwingine wa kumuuliza.

Kuhusu kazi, fomu ya bima ilikuwa na swali, kwa nini waitaka kazi hii? Nilikaa nayo siku tatu nikashindwa kuandika hata sentensi. Ziwani walichelewa kujibu. Daktari Awiti naye ana mradi wa miaka mitatu huko Pwani, wa kuzitabiria zahanati homa kabla hazijajaa wagonjwa, na watahitaji mtu wa kukaa Mombasa. Nilimwambia sijui kama naweza. Akasema, "Nami sijui. Anza mwezi wa kumi na mbili, tutaona." Basi nimekubali. Sikukubali kwa ushujaa, dada. Ndiyo fomu pekee niliyoweza kuijaza.

Ndani ya bahasha hii mna barua nyingine, ya shemeji Saif. Sikuifunga. Isome kwanza, na kama haifai ichane.

Zakariya


Kuze
2 Julai 2025

Ndugu yangu mpenzi Zakariya,

Assalaam alaykum. Tu wazima. Idd ya kuchinja imepita, nyama nyingi tuligawa Bondeni. Mirriam ameitwa chuo, hisabati na takwimu, kama ulivyomwelekeza. Everlyne amenunua maandazi ya duka zima. Amenituma nikuambie utakapokuja utakula samaki kwake.

Kadi yako nimeisoma, na kwa kweli haifai. Hicho ni Kiswahili cha ofisi. Kwanza, ondoa "mgonjwa". Mama hana mgonjwa ndani, ana mtoto. Andika "mtoto wako", na kwa watu wazima mwandike kadi nyingine. Pili, usianze na "ikiwa". Anza na lile analolifurahia: "Homa imeshuka? Usimwache bado." Tatu, futa "haraka iwezekanavyo". Kila mtu ana haraka yake. Andika: "Mpeleke sasa hivi. Usingoje kesho." Nilimsomea Bi Mejumaa namna zote mbili, akasema ya pili yaeleweka. Aliniomba nimsomee tena lile la kesho, kisha akaniangalia.

Saif amerudi. Alikuja Ijumaa iliyopita, baada ya watu kutoka msikitini, na mkoba ule ule. Nilikuwa nimeomba ruhusa dukani kwa kichwa kuuma. Nilimpa barua uliyomwandikia, nikasimama mbali. Aliisoma akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kama mgeni. Alipomaliza aliikunja akaitia mfukoni. Sijui atakujibu lini, wala kama atakujibu. Hajasema amesamehe. Sikumwuliza.

Alisema, "Ulinambia siku mbili. Mbili nilizipata. Nne zilizobaki ziko wapi?"

Sikumfahamu.

"Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu," akahesabu kwa vidole, zikawa tano, akarudia. "Alikuwa hai siku hizo, nami sijui alifanya nini. Mwaka mzima nimekaa na mtoto aliyeugua Jumanne akafa Alhamisi. Nipe zile nyingine."

Zaka, hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kwa kuficha siku za homa, nilikuwa nimeificha na Jumatatu. Sikuwahi kuisema kwa mtu. Ningeisemaje, na kwa hesabu yangu mwenyewe Jumatatu alikuwa mzima, yuko shule?

Nikaketi. Nikamweleza. Jumatatu aliamka amepoa, jasho limekauka. Akataka chai ya maziwa na mkate wa mofa, akala nusu. Akaoga mwenyewe. Akataka nywele zisukwe, nikamwambia kichwa bado kitauma, akasema basi zichane tu. Akaketi dirishani akaitana na watoto wa chini, akiwaringia kwamba haendi shule. Kisha kuku wa jirani alipanda ngazi akaingia ndani, akaruka kitandani, akatembea juu ya shuka kama mwenye nyumba. Nuswaiba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Alicheka?" Saif akauliza.

"Alicheka."

"Kisha?"

"Kisha akasema kuku tusimfukuze, tumngoje baba aje amwone. Nikamfukuza. Kisha akalala."

Saif aliinama akaweka viganja usoni. Sikujua kama analia, kwa kuwa hakutoa sauti. Baadaye akasema, "Hebu anza tena."

Nikaanza tena. Tulikaa hivyo mpaka alasiri ikaadhiniwa. Nilimweleza mara tatu. Mara ya tatu nilimsahau kuku, naye akanikumbusha.

Dada yako,
Ruweida